Waraka kwa Mwenyekiti wa Jopo Letu la Washauri

Kwa Profesa mheshimiwa,

Ni matumaini yangu kwamba goti lililokuzuia kuhudhuria kikao chetu cha Februari limepona. Sisi hapa ofisini tulifarijika mapema, maana wiki ileile tulikuona kwenye televisheni ukifungua kongamano Dodoma, umesimama wima saa nzima bila hata kuegemea meza. Tulimshukuru Mungu.

Huenda hunikumbuki jina, na si neno. Mimi ni yule mama wa miwani aliyekuwa akikaa mwisho wa meza akiandika mihtasari. Mara mbili ulinituma maji ya kunywa ukidhani mimi ni mhudumu, na mara zote mbili nilikuletea, tena ya baridi. Kazi yangu hasa ni uhariri. Nimo katika kamusi hii tangu kadi ya kwanza, na kwa kuwa mihtasari yote ninayo mimi, nimeona nikuandikie mimi badala ya Mkurugenzi, ambaye anakuheshimu kiasi cha kushindwa kukuambia kitu.

Nianze na shukrani, kama ilivyo ada. Jina lako limetufaa sana. Mwaka 2009, kampuni yetu ndogo ilipojitosa kuandaa kamusi ya bahari, yaani samaki, vyombo, pepo, zana na shughuli za watu wa pwani, hatukuwa na mtaji wala mjomba serikalini. Tulikuwa na vyumba viwili Gerezani, Dar es Salaam, juu ya duka la vipuri vya magari, na tulikuwa na wewe. Jina lako lilipochapwa juu ya karatasi zetu za barua, wafadhili waliokuwa hawapokei simu zetu wakaanza kutupigia wao. Kazi ya vitabu vya kiada ilipokabidhiwa Taasisi ya Elimu na wachapishaji wadogo tukabaki tunatazamana, ni jina hilo lililotufanya tuendelee kukopesheka. Kosa letu lilikuwa moja tu: tulidhani jina limetangulia na mwenyewe anafuata nyuma.

Katika hili tumo katika jamaa tukufu, nakiri. Mwaka 1909 W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi ambaye huhitaji mimi nikufahamishe, alipanga kutoa ensaiklopidia ya watu weusi. Akachapisha karatasi za barua zenye majina ya wataalamu wakubwa wa enzi zile, akina Franz Boas na William James. Karatasi zilikuwa nzuri. Ensaiklopidia haikutoka. Zaidi ya miaka 50 baadaye Kwame Nkrumah akamwita Ghana aianze upya. Akaenda akiwa na umri wa miaka 93, na akafia Accra mwaka 1963 kazi ikiwa bado mezani. Sikitaji kisa hiki kukutisha. Nimekikumbuka kwa sababu mzee yule alivuka bahari kuifuata kazi, ilhali basi la mwendokasi, Profesa, linashusha Gerezani kabisa, na kutoka kituoni hadi mlangoni petu ni mwendo wa kumaliza karanga za mia mbili.

Kuhusu vikao sina la kulalamika. Katika ahadi zote ulizotupa, ile ya kuhudhuria vikao vyenye posho umeitimiza vizuri kuliko zote. Sahihi yako imo mara 19 kwenye orodha ya malipo, na mara 17 kati ya hizo ni ya kwanza kabisa. Kwenye orodha ya waliosoma makabrasha imo mara moja, na hiyo, niligundua baadaye, ulitia ukidhani ni karatasi ya nauli. Muhtasari wa Juni 2011 unasema uliahidi kupitia vidahizo 400 vya kwanza katika muda wa mwezi mmoja. Nimeandika "unasema" kwa adabu tu. Nilikuwepo, nilisikia, na ulipoahidi uligonga meza hadi chai yangu ikamwagika kwenye muhtasari. Doa lipo mpaka leo, nitakuonyesha ukija.

Uliahidi pia, na hili bila shaka unalikumbuka kwa kuwa ulilirudia mbele ya waandishi wa habari, kwamba kamusi yetu itakomesha maradhi ya "aina ya samaki". Ulilieleza kwa ufasaha ambao sijausikia tena. Msomaji anafungua kamusi kumtafuta changu, anaambiwa ni aina ya samaki. Chewa, aina ya samaki. Kolekole, aina ya samaki. Anaifunga akiwa amejua kwamba baharini kuna samaki. Tulikupigia makofi. Miezi minane baadaye ukatuletea fasili 61 za mfano, ambazo ulisema umeziandika kwa mkono wako mwenyewe ili tufuate nyayo. Nimezihesabu. Fasili 58 zinaanza kwa maneno "aina ya samaki", mbili zinaanza "samaki wa aina ya", na ya mwisho, ya pweza, inasema ni aina ya samaki asiye na mifupa. Nimeitunza hiyo ya pweza. Siku kazi inapokuwa ngumu huwa naitoa na kuisoma.

Niruhusu nikueleze tulivyofanya kwa chafi, kwa sababu chafi alikuwa mmoja wa wale 58. Nilikwenda soko la samaki la Feri alfajiri, saa kumi na moja, pamoja na kijana wetu wa michoro. Dalali mmoja wa mnada akamlaza chafi kwenye kiganja na kunionya nisimshike mgongoni, kwani miiba yake ina sumu na mkono utawaka hadi jioni. Akanionyesha kinywa: kidogo, kimechongoka, cha kutafunia majani ya bahari. Huyu ndiye anayewatia hasara wakulima wa mwani Unguja, akasema, na ukimtaka wa kutosha weka dema, usihangaike na mshipi. Akanionyesha mwilini mabaka ambayo hakuwa nayo alipokuwa majini. Akaniambia nikifika nyumbani nimtoe utumbo mapema, la sivyo mchuzi wote utanuka majani. Yote haya kwa dakika kumi, huku bei zikipanda na yeye akizipokelea kwa upande mwingine wa mdomo. Hakudai posho. Alidai tumpishe.

Kisha likaja suala la jina. Chafi huyohuyo wapo wanaomwita tasi, na ukivuka kwenda pwani ya Kenya utamsikia akiitwa tafi. Agizo lako lilikuwa tuchague jina moja sanifu na mengine tuyaache, kwa hoja kwamba kamusi ni sheria. Nilinyoosha mkono kusema kwamba mvuvi wa Mombasa atakayenunua kitabu hiki atamtafuta tafi, asimwone, na hatarudi tena dukani. Ulinitazama kwa upole, ukasema utazungumza na wenzako wa Mombasa na kutuletea uamuzi. Hiyo ilikuwa 2012. Wasalimie sana. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Bagamoyo na Unguja, alianza kutoa kamusi yake Paris mwaka 1939, na ukiifungua utaona anavyotaja neno ni la lahaja ipi, na mimea mingi ameipa na jina lake la kisayansi. Hakuwa na simu ya kuwapigia wenzake wa Mombasa, wala sidhani kama alipata posho ya kikao. Majina yote matatu ya chafi tumeyaweka. Nimeona nikuarifu mapema yasikushtue siku ya uzinduzi, ambapo najua utakuwepo.

La mtepe linaniuma zaidi, na nitalisema polepole. Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka, hakipo tena baharini. Mfano wake uliojengwa Unguja uliwekwa ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, pale Forodhani. Tulitaka kuupima, kuuchora, na kuandika majina ya sehemu zake huku mafundi wazee wakiwa wamesimama kando. Tulikwisha kuandika barua ya kuomba ruhusa. Ukatuzuia, ukasema unafahamiana na wakubwa wa makumbusho, tusijidhalilishe kwa barua, utatupeleka wewe mwenyewe. Tukasubiri Idi ipite. Tukasubiri sikukuu ya Mapinduzi ipite. Tukasubiri semina yako ya Nairobi iishe, ikazaa semina nyingine Kampala. Jengo likafungwa kwa uchakavu. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu yake ikaporomoka na watu wakapoteza maisha. Msiba ule si wa kutaniwa, wala siwezi kumtwisha mtu mmoja jengo la mwaka 1883. Ninachosema ni kwamba miaka yote ile jengo likiwa wazi, boti ya Unguja ilikuwa ikiondoka kila asubuhi, na tiketi tulikukatia mara mbili. Vipande vyake ninavyo, vimebanwa kwenye muhtasari.

Prufu nazo. Formu ya kwanza, kurasa 16, ilikaa kwako miezi mitano na kurudi na sahihisho moja, kwa wino wa kijani: katika ukurasa wa jopo tulikuwa tumesahau kutaja shahada yako ya heshima. Tumeitaja. Kurasa chache mbele, amari, ile kamba ya nanga, ilikuwa imechapwa "amali", na kwa mujibu wa kamusi yetu chombo kizima kikawa kimetia nanga kwa matendo mema. Kosa hilo lilionwa na jicho la mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji aliyekuja kuchukua malipo, mzaliwa wa Kilwa, akacheka peke yake hadi tukamuuliza kulikoni.

Nisije nikaonekana sitambui faida za utaratibu wako. Wenzetu wa Merriam, kule Springfield, Marekani, waliwahi kuaibishwa na kadi ya mtaalamu. Mhariri wao wa kemia aliandika kueleza kwamba herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha densiti. Kadi ikaangukia rundo lisilo lake, "D or d" ikasomwa kama neno moja, na kamusi kubwa ya 1934 ikatoka na neno "dord", ambalo halikuwa limetamkwa na kiumbe yeyote. Walikuja kuligundua 1939. Sisi balaa hilo limetupitia mbali, na sifa ni zako: hapana awezaye kuisoma vibaya kadi ambayo haikuletwa.

Lakini kazi ya ushauri haikukaa bure, Profesa. Ilifanywa, na una haki ya kuwajua walioifanya. Fundi mmoja wa majahazi kutoka Bagamoyo, mzee aliyepita miaka sabini, alikuja kwetu kwa basi na jahazi la kuchonga lenye urefu wa mkono, amelifunga kwenye khanga ya mkewe. Alipanda ngazi zetu taratibu, akapumzika kwenye kila kituo, akafika, akaomba maji. Mimi ndiye niliyemletea, maana uzoefu ninao. Tukamsomea fasili ya "demani" kama ilivyopitishwa na jopo: kipindi cha mwisho wa kusi, kabla ya kaskazi kuingia. Akasema ni kweli kabisa. Halafu akaishika kamba nyembamba kwenye tanga la lile jahazi lake, akaivuta kidogo, tanga likajaa upepo usiokuwepo, akauliza, "Na hii je?" Kamba ile ya kulizuilia tanga nayo ni demani. Upande wa chombo inakofungwa kamba hiyo, ule uliopewa kisogo na upepo, nao ni demani, na mkabala wake ni joshini, upepo unakotoka. Wasomi saba wenye shahada za uzamivu tulikuwa tumekaa kikao cha siku mbili, tukauona msimu na kuiacha kamba. Nasema "tulikuwa" ingawa mimi shahada hiyo sina. Nami nilikuwa mezani na sikuuliza.

Yule mzee alikaa siku tatu. Tulimlipa nauli na chakula, na alipoondoka alituachia jahazi, akisema maneno yakigongana tulitazame. Lipo dirishani sasa hivi, juu ya bahasha yenye prufu zako.

Basi, niseme haja yangu. Tumeamua kwamba katika ukurasa wa jopo, chini ya kila jina, tutaandika alichokifanya mtu. Fundi ameandikiwa vyombo, kamba na matanga. Dalali wa Feri ameandikiwa samaki; alicheka tulipomwambia, akauliza kama kuna kesi. Mfanyakazi wa kiwandani tumemwandikia "amari". Chini ya jina lako, ambalo kwa heshima limebaki la kwanza na kwa herufi nene, nimeacha mistari mitatu mitupu ili uijaze mwenyewe, kwani si adabu sisi wadogo kukukadiria. Ikikutosha robo ya mstari, usione tabu. Mchapaji anasema nafasi tupu hazitozwi.

Haja ya pili ni boksi. Aprili 2014, siku chache kabla ya Pasaka, uliondoka na kadi zetu zote za M na N ili uzipitie wakati wa mapumziko. Ulisema siku kumi. Nilitaka kuzitolea nakala kwanza, ukaniambia hakuna haja, zinakwenda mahali salama. Na ni kweli, usalama wa kadi ambazo hazijaguswa hauna shaka. Wewe ni mtu wa kamusi na unajua M ya Kiswahili inavyojaa. Humo mna mlingoti, mkuku, mashua, mtumbwi, na mtepe wenyewe. Mna nahodha, nanga, ngalawa na nguru. Kwa sasa tuna kamusi ya bahari ambayo vyombo vyake havina mlingoti, havina nanga, na hakuna wa kuviongoza.

Najua hata Waingereza yaliwakuta. James Murray alipokabidhiwa kamusi kubwa ya Oxford mwaka 1879, alilazimika kuzisaka kadi zilizosambaa kwa watu waliojitolea: herufi H nzima ilikuwa Florence, na kadi za maneno yanayoanza na Pa zilipatikana kwenye zizi la farasi Ireland, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika kuwashia moto. Hata hivyo aliyekuwa nazo aliulizwa, naye akajibu. Nasi tunauliza.

Kijana wetu wa pikipiki atapita kwako Alhamisi asubuhi. Boksi lilikuwa la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa kamba ya katani na kuandikwa M–N ubavuni kwa kalamu nyekundu. Mara ya mwisho tulipoambiwa habari zake lilikuwa chini ya ngazi, karibu na kreti za soda. Likiwa limepitiwa na mchwa, usione haya, tupe kilichobaki. Macho ya yule fundi wa Bagamoyo yamepungua nuru lakini kumbukumbu ipo, na ametuahidi kwamba tukimsomea nusu ya kadi ataimalizia. Kama utakuwa safarini, mwachie mlinzi wako. Yeye na kijana wetu wanafahamiana vizuri. Wameshaonana hapo getini mara sita.

Wasalaam,

Wako mtiifu,
Mhariri, yule wa mwisho wa meza